Kupima maji ya mradi mdogo: anzia koki ya mwisho

Ukimwambia mtu apime maji ya mradi, atakimbilia kisimani. Mimi huanzia koki iliyo mbali kabisa na tangi. Maji yanaweza kutoka ardhini yakiwa safi, yakaharibikia njiani: bomba lina ufa mahali penye dimbwi, pampu imezimwa, presha imeshuka, na lile dimbwi likanyonywa ndani.

Hatua ya 1: Tembea kwanza. Usishike kifaa chochote bado. Fuata bomba kwa miguu. Angalia mfuniko wa tangi, nyufa za zege kuzunguka kisima, vyoo vilivyo juu ya mteremko. Niliwahi kuhangaika wiki mbili na majibu mabaya ya maabara, kumbe tundu la hewa la tangi halikuwa na wavu na popo walishahamia.

Hatua ya 2: Pima klorini iliyobaki, yaani ile ambayo bado imo majini baada ya kuua vijidudu. Fungua koki, maji yamwagike dakika mbili. Suuza kichupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jaza hadi kwenye alama, tia kidonge cha DPD namba 1 (dawa inayobadilika rangi ikikuta klorini), kiponde, funga kwa kifuniko (si kwa kidole, jasho huharibu kipimo), tikisa, kisha linganisha rangi papo hapo. Waridi maana yake klorini ipo. Kwenye koki ya mwisho isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Maji yakibaki bila rangi, ama klorini haikutiwa, ama imeliwa na uchafu njiani. Ila jihadhari: rangi ikiwaka waridi halafu ikapotea, huenda klorini imezidi mno. Changanya sampuli na maji yasiyo na klorini, upime tena.

Hatua ya 3: Tope. Maji yakipita NTU 5 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji), usiyamwagie klorini ukategemea muujiza. Vimelea hujificha ndani ya chembe za udongo. Yatulize au yachuje kwanza.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya dozi. Tuseme tangi lina lita 10,000 nawe unataka kuanza na miligramu 2 kwa lita. Hiyo ni gramu 20 za klorini halisi. Unga wako wa klorini una nguvu ya asilimia 65, kwa hiyo gawa 20 kwa 0.65, upate gramu 31 hivi. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, acha machicha yatulie, mimina maji ya juu tu kwenye tangi. Siku zote unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya unga. Subiri dakika 30, pima maji ya tangi. Ikibaki miligramu 0.5 kwa lita au zaidi kidogo, vizuri. Ikiwa chini ya hapo, ongeza dozi.

Hatua ya 5: Sampuli ya vimelea. Hapa wengi huharibu. Chupa ya maabara *haisuuzwi*, maana ndani mna dawa ya kuzima klorini. Safisha mdomo wa koki, jaza bila kugusa shingo ya chupa, iweke kwenye kasha lenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Saa 6 ni bora zaidi. Jibu linalokubalika kwa E. koli (bakteria wanaoonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini) ni sifuri katika mililita 100.

Hatua ya 6: Visivyoonekana wala kunukia. Naitreti, floraidi na aseniki ni kemikali zinazoyeyuka majini; hazionjeki, na kuchemsha hakuziondoi. Kuchemsha huzikoleza, kwa sababu maji hupungua na zenyewe hubaki. Viwango vya Shirika la Afya Duniani ni naitreti miligramu 50 kwa lita, floraidi 1.5, aseniki 0.01. Naitreti ikizidi, mtoto mchanga asichanganyiwe maziwa ya unga kwa maji hayo hata siku moja. Madini ya risasi yana utaratibu wake: chota alfajiri, maji ya kwanza kabisa yaliyolala kwenye bomba, bila kuyamwaga.

Floraidi au aseniki ikiwa juu, klorini haitakusaidia kitu. Tafuta chanzo kingine, au changanya maji ya visima viwili kisha upime mchanganyiko wenyewe, tena kwenye koki ya mwisho.