Uwanja wa mita 300 wa mbio za bodaboda: kuuchora, kuumwagilia na kuulinda usife

Kijana wa bodaboda wa Mafinga au Uyole hana uwezo wa kununua gari la rali, lakini pikipiki ya cc 150 anayo tayari. Anachokosa ni njia fupi yenye umbo la yai. Panga mbio kati ya Juni na Oktoba, mvua ikiwa imekatika na mashamba yamevunwa. Anza na ofisi ya kijiji, afisa michezo wa halmashauri na polisi.

Tafuta tambarare ya mita 175 kwa 100. Pigilia mambo (vigingi) mbili za katikati, mita 75 kutoka moja hadi nyingine, kisha zungusha kamba ya mita 24 kwenye kila mambo upate ukingo wa ndani wa kona. Ukiunganisha nusu duara hizo kwa mistari miwili iliyonyooka, mzunguko mmoja ni kama mita 300. Upana uwe mita 10 kwenye mnyoosho na 14 kwenye kona.

Urefu wa yai uelekee kaskazini mashariki hadi kusini magharibi, na watazamaji wakae upande wa kusini mashariki. Kiangazi upepo hutoka huko, kwa hiyo vumbi litawakimbia. Nje ya kona asikae mtu hata mmoja: pikipiki iliyokosa mshiko huishia hapo.

Udongo mwekundu wa mfinyanzi ndio bora. Ule mwepesi wa majivu ya volkano, kama wa Uyole, hupeperuka, labda uuchanganye na mfinyanzi. Eneo la njia ni karibu mita za mraba 4,200. Mwaga lita 4 kwa kila mita ya mraba, yaani kama lita 17,000, jioni ya kuamkia mbio. Kosa la kawaida ni kumwaga maji yote asubuhi: juu panateleza, chini pakavu, na kufikia mbio ya tatu tabaka linabanduka. Finyanga udongo kiganjani. Ukishikana na kupasuka ukiubonyeza kwa kidole gumba, uko tayari; ukinata mkononi, subiri.

Kwenye pikipiki ondoa vioo, indiketa, keria na stendi zote. Mbio huzunguka kwa kushoto, na stendi ya upande huo hukwama ardhini kwenye kona. Funga kamba ya kuzimia injini kwenye kifundo cha mkono. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo petroli inaweza kuzidi hewa kwenye injini. Plagi ikitoka nyeusi yenye masizi, punguza jeti kuu ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) saizi moja.

Wakimbie wanne wanne, mizunguko minne, pointi 3, 2, 1 na 0 kama kwenye spidiwei, mbio za pikipiki za ng'ambo kwenye njia ya yai. Madereva 16 kwa mbio 20, kila mmoja hukutana na kila mwenzake mara moja.

Viwanja vidogo vya ng'ambo vimekufa kwa ardhi na gharama. Wimbledon Stadium, uwanja wa mbio wa London, ulifungwa mwaka 2017 ukapisha uwanja wa mpira na nyumba. Ardhi ya kuazima baada ya mavuno inapunguza hatari ya kwanza. Ya pili ina dawa iliyozoeleka Marekani: mshindani yeyote anaruhusiwa kununua injini ya mshindi kwa bei iliyotangazwa kabla, tuseme shilingi 400,000, ndani ya nusu saa baada ya fainali. Anayekataa kuuza anapoteza pointi na zawadi. Hapo nani atamwaga milioni kwenye injini? Sheria hii isilegezwe hata kwa mfadhili, kwani ndiyo inayomrudisha uwanjani kijana asiye na kitu.

Gari la wagonjwa liwepo kabla ya injini ya kwanza kuwaka. Likiondoka na majeruhi, mbio zisimame hadi lirudi.