Kabla hujafungua boksi la vijidude vya maji

Huenda umeshaliona dukani: boksi lenye chupa ndogo za ute wa rangi, kalibu za plastiki zenye umbo la pweza, kasa na samaki, na pakiti ya unga mweupe. Mtoto anamimina ute kwenye kalibu, anaizamisha kwenye maji yaliyokorogwa na ule unga, na baada ya muda mfupi anatoa kidude laini kinachonesanesa mkononi. Picha ya boksi inaonyesha watoto wasafi wakicheka. Meza haionekani.

Mchezo wenyewe ni mzuri, na mtoto aliyezoea midoli iliyokwisha tengenezwa kiwandani hupata hapa kitu cha kuunda mwenyewe. Ila una tabia moja ya kujua mapema: vimiminika viwili vikishakutana, kazi imeanza na hairudi nyuma. Hutapata nafasi ya kukimbilia jikoni kutafuta bakuli la pili huku mtoto wa miaka sita ameshika chupa iliyo wazi. Ndiyo maana karibu kila linaloamua kama mchana huo utakuwa wa raha au wa makelele huamuliwa kabla watoto hawajaketi.

Anza kwa kujua umeshika nini. Ute ule kwa kawaida ni maji yenye alginati ya sodiamu, unga unaotolewa kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Aliyeugundua ni mkemia wa Uingereza aitwaye Edward Stanford, miaka ya 1880, na hadi leo madaktari wa meno hutumia alginati kuchukua umbo la meno ya mgonjwa. Watoto wa Unguja watakubishia kwamba mwani ni wa kwao, na nusu ya ubishi wao ni kweli: mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa jamii nyekundu, na hutoa karaginani, ndugu mwingine kabisa katika ugandishaji. Ule unga mweupe wa pakiti ni chumvi ya kalsiamu, mara nyingi kloridi au laktati. Nyuzi za alginati zinaelea huru ndani ya maji. Kalsiamu ikifika inazishika mbilimbili na kuzifunga pamoja, na ute unaganda kuanzia nje kuelekea ndani. Ukilielewa hilo, maagizo mengi ya kwenye karatasi ya boksi utayajua bila kuyasoma.

La kwanza ni maji, na hapa ndipo watu wengi wa pwani wanapokwama bila kujua sababu. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe yamebeba kalsiamu tayari. Dalili zake unazijua: sabuni haitoi povu vizuri, na birika linajenga ukoko mweupe ndani. Ukitumia maji hayo kukoroga unga wa alginati, au hata kuongezea ute mzito wa chupa ili uwe mwepesi, unaanza kuganda mabongemabonge kabla mtoto hajagusa kalibu, na hakuna kukoroga kutakakouokoa. Kwa upande wa ute tumia maji ya mvua au maji ya kunywa ya chupa. Maji yaliyochemshwa yakapoa na kutulia nayo yanasaidia, maana sehemu ya kalsiamu hubaki kwenye ule ukoko wa sufuria. Kwa upande wa bakuli la kugandishia, maji yoyote masafi yanafaa. Huko kalsiamu ndiyo inayotakiwa. Kama mtaani kwenu maji yanatoka kwa zamu, jaza ndoo mbili za kunawia siku moja kabla. Mikono yenye ute na bomba kavu havipatani.

Kisha soma boksi bila watoto kuwepo. Tafuta umri ulioandikwa, orodha ya vilivyomo, na anwani ya mtengenezaji. Boksi lisilotaja vilivyomo liache dukani, hata bei ikiwa ya kushawishi. Halafu angalia kama humo ndani kuna shanga za maji, zile punje ndogo ngumu zinazovimba zikilowekwa mpaka kuwa kama gololi. Baadhi ya maboksi huziweka kama macho ya vidude au mapambo ya chupa. Hizo si alginati, ni plastiki inayofyonza maji, na mtoto akimeza punje moja inaendelea kuvimba ndani ya utumbo mpaka inaweza kuuziba. Mbaya zaidi, kwa kawaida haionekani kwenye picha ya eksirei, na daktari anaweza kuhangaika bila kujua anatafuta nini. Mwezi Desemba 2023 Amazon, Walmart na Target kule Marekani zilitangaza kuacha kuuza shanga hizo kama mchezo wa watoto. Ukizikuta, zitoe na kuzitupa kabla ya yote. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, panga mchezo wakati amelala au yuko kwa bibi, kwa sababu hata kidude cha alginati kinateleza na kinaweza kumkaba kooni.

Wengine hawataki boksi, wanataka kutengeneza wenyewe, na inawezekana kwa gharama ndogo ukipata alginati ya sodiamu ya kupikia pamoja na mizani ya jikoni. Gramu 4 za alginati kwenye mililita 200 za maji zinatoa ute mzito wa kutosha. Gramu 10 za kloridi ya kalsiamu kwenye lita 1 zinatosha bakuli la kugandishia. Hakikisha kloridi hiyo ni ya daraja la chakula. Ile ya kukaushia unyevu kabatini au ya kazi za zege isiingie kwenye mchezo wa watoto. Alginati haipendi kumwagwa kwa mkupuo: inyunyize kidogo kidogo huku blenda inazunguka, kisha uache ute kwenye friji usiku kucha ili mapovu yapande na kupasuka. Ute wenye mapovu hutoa pweza mwenye vishimo. Kloridi nayo huyapasha maji moto inapoyeyuka, kwa hiyo ikoroge mtu mzima, na pakiti ifungwe papo hapo. Kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, pakiti iliyoachwa wazi huvuta maji ya hewani, na ukirudi baadaye utakuta unga umelowa.

Mahali pa kufanyia ni barazani au uani, sakafu ya simenti, chini ya kivuli. Ndani ya nyumba tandika turubai au plastiki inayozidi meza pande zote, kwa kuwa ute haumwagiki kwa matone, unavutika kama uzi wa asali na kufika usikotarajia. Rangi ya chakula haitoki kwa urahisi kwenye kitambaa cheupe wala kwenye mistari ya simenti kati ya vigae. Wavalishe fulana zilizochakaa, nywele ndefu zifungwe, pete na bangili zivuliwe. Sare ya shule isisogelee meza hiyo kabisa.

Panga meza kwa pande mbili na uwaeleze watoto maana yake: kushoto ute, kulia maji ya kalsiamu. Kila upande una kijiko chake, kitambaa chake na mkono wake. Kijiko kilichotoka kulia kikirudi kwenye chupa ya ute, tone moja tu linatosha kuacha vipande vigumu humo ndani, na chupa hiyo haitafaa tena kwa kazi ndogo ndogo kama macho. Kwa macho na mistari, bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kunyweshea dawa ya maji, linafanya kazi vizuri kuliko kifaa cha plastiki cha kudondoshea kinachokuja na boksi.

Kidude cha kwanza kitengeneze wewe huku wakitazama, bila haraka. Tone jeusi mahali pa jicho, kisha rangi ya chungwa ya tumbo, kisha kijani mpaka ukingo wa kalibu, usizidishe. Zamisha taratibu, kalibu ikiangalia juu. Uso wa ute unapoteza mng'ao na kuwa kama ngozi. Baada ya kama nusu dakika igeuze chini ya maji na uitikise. Kidude kinatoka chenyewe, bado kina ute tumboni, kwa hiyo kiache dakika kadhaa zaidi. Watoto watataka kukikamua sasa hivi. Mmoja atakikamua na kitapasuka, na hilo nalo ni somo la kemia. Mtu mzima mmoja anatosha watoto watatu. Wakizidi hapo weka zamu, na anayesubiri apewe kazi ya kuhesabu muda.

Kabla ya kuanza, waambie pia kitakachotokea baadaye. Vidude hivi ni maji karibu mwili mzima. Ukikiacha juu ya kabati chini ya feni, kesho utakuta kimesinyaa kuwa kipande kigumu kama ukucha, na mtoto aliyekipa jina atalia kama amefiwa. Vinakaa kwenye chupa yenye maji yaliyobaki ya kalsiamu, ndani ya friji, na vikianza kutoa harufu au ukungu vinatupwa. Ukiwa na mtoto mdadisi, mruhusu aweke kimoja kwenye maji yenye chumvi nyingi ya mezani. Sodiamu itachukua nafasi ya kalsiamu polepole, na kidude kitavimba na kulegea.

Kuhusu usalama, machache. Mwenye ukurutu au michubuko avae glavu, kwa kuwa maji ya kalsiamu huwasha. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na maumivu yakiendelea nenda hospitali. Hata vilivyomo vikiwa vya chakula, mwambie mtoto kwamba hiki hakiliwi.

Na usimwage chochote kwenye sinki. Ute na kalsiamu vikikutana ndani ya bomba vitaganda humo humo, na fundi atakutoza hela ya kulifungua. Weka ndoo tangu mwanzo: ute wote uliobaki na maji yote ya kalsiamu viingie humo, vikorogwe, viachwe vigandane. Chuja kwa kitambaa kikuukuu, mabonge yaende kwenye taka, maji ukayamwage njiani mbali na miche, kwa maana kloridi huunguza mizizi. Kalibu zioshwe kwa maji na mswaki wa zamani kabla ute haujakauka kwenye pembe za vidole vya pweza.