Jinsi ya kuchora ramani ya mtaa wako mwenyewe

Jamani kuchora ramani sio kazi ya wapima ardhi tu, hata wewe wa Tandale au Vingunguti unaweza, unahitaji karatasi, penseli, rula, futi kamba na simu yenye dira basi.

Kwanza jua hatua yako ina urefu gani, hapa usikurupuke kabisa. Nyoosha futi kamba mita 20, tembea kawaida tu kama unaenda dukani, hesabu hatua, rudia mara tatu maana ya kwanza huwa mtu anajinyoosha miguu. Ukipata hatua 28 basi kila moja ni kama sentimita 71.

Kisha skeli. Mi napenda 1:1000, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita 10 chini, hesabu zake nyepesi. Anzia sehemu isiyohama, msikiti au kisima, sio genge la nyanya. Soma dira, hesabu hatua mpaka kona, chora, endelea hivyohivyo, ila usisomee karibu na geti la chuma au gari, sindano inadanganya. Kaskazini weka mshale.

Mitaro usiiache! Waulize wazee maji ya masika hufika wapi, wao ndo wanajua. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 hapa Dar ulichora ramani pamoja na wenyeji, ili yajulikane maeneo ya mafuriko, na data zikawekwa OpenStreetMap, yaani ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiongezea. Na yako ukimaliza iingize huko, ni bure.