Namna ya kutumia "liking" ipasavyo unapozungumza na mgeni

Mwongozo huu nauandika kwa wahudumu wa mikahawa na waongoza watalii wa Unguja na Pemba ambao Kiingereza wanakisema kila siku, "I like" wameizoea, lakini "liking" ikitokea wanababaika. Ni nomino ya kawaida tu: mtu kupenda kitu, au jinsi anavyopendelea kiwe. Kazi iko kwenye vihusishi vinavyokwenda nayo, "for" na "to", maana kibadilike kimoja na maana yote inageuka.

Hatua ya 1: Itenge na kitenzi

Wengi husema "I am liking Zanzibar" kwa kufuata "ninapenda". Hapo inatakiwa "I like". Nomino yetu hutanguliwa na "a" au neno la kumiliki kama "my", "your", "their". Wingi wake uache kabisa, usiseme "likings".

Hatua ya 2: Tabia ya kupenda ni "have a liking for"

Kima punju wa Jozani hula mkaa. Majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinasa. Mgeni akimuona kima ameshika kipande cha mkaa hachoki kuuliza, nawe mjibu: "They have a liking for charcoal." Ukitaka kutia nguvu, sema "a great liking" au "a particular liking".

Baada ya "for" weka nomino, au kitenzi chenye -ing: "a liking for eating charcoal". "Liking of charcoal" na "liking to eat" ziepuke.

Hatua ya 3: Kuanza kupenda ni "take a liking to"

Hapa "for" inatoka, inaingia "to". Mtoto wa mgeni amefika Changuu, kamuona kobe mmoja mkubwa, hataki tena kuondoka: "She took a liking to that tortoise." Mapenzi yamezaliwa papo hapo. Ukisema "She has a liking for tortoises", unasema ni mtu wa kupenda kobe siku zote. Kwa watu pia hutumika: "The manager took a liking to him", yaani meneja kamuona kijana na moyo wake ukamkubali.

Hatua ya 4: Mezani ni "to your liking"

Hii ndiyo ninayowasisitizia wahudumu kuliko zote. "Is everything to your liking?" ni swali la adabu, na lina wakati wake: mpe mgeni nafasi aonje kwanza. Ukimuuliza sahani ndiyo inatua mezani, hana la kukujibu.

"Upendavyo" yetu huwavuta watu kusema "as your liking" au "in your liking". Zote mbili si sahihi; ni "to" peke yake. Neno la kumiliki ndilo linalobadilika: "to my liking", "to her liking", "to the guest's liking". Unaweza pia kumuelekeza mgeni mwenye bakuli la urojo: "Add chilli to your liking." Kama hakikumpendeza, utasikia "not to my liking".

Kwa maoni yangu, swali hili linafaa hoteli na mikahawa ya kukaa. Forodhani, mtu kasimama na mshikaki mkononi, "Do you like it?" inatosha na ina uchangamfu zaidi.

Hatua ya 5: Ukisikia "too", jua ni malalamiko

"The sauce is a bit too spicy for my liking." Mhudumu anasikia "liking", anadhani kasifiwa, anajibu "Thank you" na kwenda zake. Mgeni anabaki na mchuzi usiolika. Alichosema ni kwamba pilipili imemzidi, ila kasema kwa upole, na Waingereza hasa hupenda kulalamika kwa namna hiyo. Sikio lako likamate "too" kwanza. Kisha jibu: "I'm sorry. Shall I bring you a milder one?"

Muundo ni "too", kisha sifa, kisha "for my liking". Hapa "for" ni sahihi kwa sababu ya hiyo "too". Mgeni wa Nungwi anaweza kulalamika hata kuhusu muziki: "It's too loud for my liking."

Hatua ya 6: Jipime

Jaza kwa sauti, si kwa kuandika tu, maana mgeni hatakusubiri utafute kalamu.

The sea is … rough … my liking.
The guests took a liking … the drummer.
The coffee was not … his liking.
My grandmother has a liking … ginger tea.

Majibu: ya kwanza "too" na "for", ya pili "to", ya tatu "to", ya nne "for". Ukikosea ya pili au ya nne, rudi hatua ya 2 na ya 3, uzisome pamoja.