Somo: Tangi lako la pleksi linasumbua? Anzia mezani

Jamboni wote. Mwezi huu nimeletewa matangi manne ya samaki karakanani kwangu Kadutu, hapa Bukavu, yote ya pleksi (ile plastiki ngumu angavu kama kioo), na wenyewe wote walikuja na neno moja: pleksi ni mbaya, afadhali ningechukua la kioo. Matatu hayakuwa na kosa. Moja lilikuwa limekalishwa kwenye meza iliyopinda, la pili lilikuwa linakaushwa na hewa tu, la tatu lilipanguswa kwa dawa ya kung'arisha madirisha. La nne ndilo lililovuja.

Kazi yangu hasa ni vibao vya maduka. Vipande vinavyobaki havitoshi kibao, lakini vinatosha tangi la lita 10 au 15, ndivyo nilivyoingia katika mambo haya. Kwa hiyo pleksi naifahamu kuliko samaki. Samaki nimejifunza kwa kuwazika.

Mimi hupanda kutoka chini: meza, viungo, kuta, maji, na samaki mwisho. Wengi wenu mnaanza na samaki, mnamnunulia dawa, kumbe mgonjwa ni meza.

Hatua ya 1: Meza

Lita 20 za maji ni kilo 20, na bado hujaweka mchanga wala mawe. Kioo kikizidiwa hupasuka; pleksi hujipinda kwanza. Hilo ni jema, ila lina gharama yake: sakafu ya tangi isiposhikiliwa vizuri upande mmoja, inalegea polepole na uzito wote unahamia kwenye kiungo cha pembeni. Na nyumba zetu za Bukavu mnazijua, mlima juu, mlima chini, hata sementi ya sebuleni ina mteremko wake.

Weka pimamaji juu ya meza. Kama huna, tazama maji yenyewe ndani ya tangi: yakiwa karibu na ukingo upande mmoja kuliko mwingine, sawazisha miguu ya meza. Usikunje karatasi na kuichomeka chini ya kona ya tangi! Laza ubao mnene wa tripleksi unaolizidi tangi kidogo pande zote, juu yake sponji nyembamba, na ufagie vizuri kabla. Punje moja ya changarawe chini ya tangi lililojaa itafanya kazi ya msumari.

Hatua ya 2: Linavuja kweli?

Bandika utepe kwenye mstari wa maji, tandika karatasi kavu chini, funika tangi, ulale. Asubuhi karatasi zikiwa kavu, hakuna uvujaji, maji yalikuwa yanapaa. Kiangazini, kuanzia Juni, tangi dogo lisilofunikwa hushuka mpaka ukaona kwa macho. Ukijazia, kumbuka kwamba kinachopaa ni maji peke yake, chumvi zinabaki nyuma na kuongezeka.

Hatua ya 3: Kuziba

Silikoni, ile gundi ya vioo, haishiki pleksi sawasawa. Itakaa miezi, kisha utaibandua kwa kidole. Viungo vya pleksi huungwa kwa kuyeyushwa: kimiminika kama kloroformu au dikloromethani kinadondoshwa kwa sindano kwenye mwanya mkavu kabisa, kinajivuta chenyewe ndani, na pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Mvuke wake unalevya na unaharibu ini. Nje penye upepo, watoto mbali. Na kama hujawahi kuifanya, mpelekee fundi wa vibao aliye karibu nawe. Subiri siku mbili, jaza, mwaga maji ya kwanza, ndipo urudishe samaki.

Ufa uliopita katikati ya ukuta haupigwi kiraka. Badilisha bamba zima.

Hatua ya 4: Kuta

Hapa nina aibu yangu. Tangi langu la kwanza nililipangusa kwa jeli ya mikono, ile yenye alkoholi, maana nilikuwa na chupa nzima na niliona inang'arisha. Baada ya siku chache ukuta ukajaa mistari myembamba kama utando wa buibui, ndani kwa ndani ya pleksi. Haikutoka, na haitoki. Alkoholi, asetoni na dawa za madirisha zenye amonia ndizo zinazoleta hali hiyo, hasa ukuta ukiwa tayari umebebeshwa maji. Tumia maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, basi. Alama nyeupe za chokaa zinatoka kwa siki, kisha usuuze.

Mwani ukwangue kwa kadi ya plastiki, kama ile ya simu. Wembe hapana, sponji ya kijani ya kusugulia sufuria hapana. Wenye sumaku za kusafishia, ziinueni juu ya mchanga. Punje moja ikinaswa katikati utachora ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mchubuko mdogo wa nje unapungua kwa dawa ya meno na kitambaa, kwa subira. Ule wa ndani uache kwanza: ukishajaa maji hauonekani sana, watu wanahangaika bure na tangi likiwa tupu.

Hatua ya 5: Maji

Tuko kando ya Kivu, na wengi mnachota ziwani. Si kosa, lakini maji ya Kivu si maji ya kawaida: yale ya juu yana pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ikiwa katikati) ya kama 9. Kwa nini nalisema? Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia. Katika maji ya pH 7, yenye joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata 1 kwa 100. Katika pH 9 inafika karibu 36 kwa 100. Uchafu uleule, tangi lilelile, lakini huyu anaishi na yule anageuka tumbo juu. Samaki wa ziwa lenyewe wamezoea pH hiyo, gapi, yule samaki mdogo wa dukani, naye anastahimili kiasi, beta, yule wa mapezi marefu, atateseka. Hata wale waliozoea, amonia hiyo hawaiwezi.

Kinachoila amonia ni bakteria, na bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji ya kichujio. Tangi jipya lisiwekwe samaki sita siku moja. Weka mmoja, mlishe kidogo, badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Sponji isuuze kwa maji ya tangi lenyewe, usiifungulie bomba, utawaua wale bakteria.

Jambo lingine hatulifikirii. Ziwa letu liko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji yaliyotulia hushika oksijeni pungufu kwa takriban 15 kwa 100 kuliko kule Mombasa. Ukisoma ushauri kwamba lita 10 zinatosha samaki wanne, huyo mwandishi hakai hapa.

Hatua ya 6: Umeme ukikatika

Pompa ya hewa ikiwa chini ya usawa wa maji, umeme ukienda maji hurudi kwenye mpira na kumwagika mezani, mara nyingine yanaiua pompa. Ndiyo sababu ya nusu ya "uvujaji" ninaoletewa. Iweke pompa juu ya tangi, au ufunge vali ndogo ya kuzuia maji kurudi. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lianguke sakafuni.

Umeme ukichelewa, usilishe. Chota maji kwa kikombe na uyarudishe kutoka juu, mara kwa mara. Kichujio kilichozimika usiku kucha kisuuze kabla ya kukiwasha, maana kilichooza ndani kitamwagikia samaki. Na umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Ule wa kwanza huja kwa hasira.

Maswali ya wanakikundi

Furaha, Nyawera: Fundi, aksanti kwa somo. Kifuniko changu cha pleksi kimejikunja kama mtumbwi. Ni joto la taa?

Jibu: Mara nyingi ni unyevu, dada. Pleksi hunywa maji kidogo. Upande wa chini unavimba, wa juu uko kavu. Kigeuze, cha juu kiwe chini, na ufanye hivyo kila baada ya siku chache. Taa nayo isikiguse.

Baraka, Goma: Yaya, huku mawe ya volkeno ni ya bure. Yanafaa? Na maji ya mvua je?

Jibu: Mawe yanafaa sana, matundu yake ni nyumba ya bakteria. Lakini yanakata. Yaoshe, yaweke katikati, na hakikisha hayaegemei ukuta hata siku utakapoinua tangi. Mvua ya Goma naiogopa kidogo: inapita kwenye moshi wa volkeno ya Nyiragongo, hushuka na asidi na floridi. Usiifanye maji yako ya kila wiki.

Mama Riziki, Bagira: Maji yangu ni meupe kama uji mwepesi. Ninayabadilisha yote kila siku na bado.

Jibu: Mama, shida ni hiyo "yote". Huo weupe ni bakteria wanaozaana kwenye tangi changa, na kila ukimwaga unawarudisha mwanzo. Punguza chakula, badilisha robo tu, hewa isikatike. Siku chache yataanza kuwa angavu. Yakiwa ya kijani ni jambo jingine: sogeza tangi mbali na dirisha.

Cikuru: Naweza kufuga sambaza? Wavuvi wananipa wazima.

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Sambaza, wale dagaa wetu, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na wanaishi kwa makundi kwenye maji mapana. Hata kuwashika mkononi tu hawavumilii. Waombe wavuvi wale vijisamaki vya mawe ya ufukoni, wawili, si zaidi.

Papa Amani, Panzi: Mtoto amesafisha tangi kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, halafu akamimina siki ili harufu iishe. Chumba kinachoma macho.

Jibu: Papa, tokeni wote sasa hivi, madirisha wazi. Javeli na siki hutoa gesi ya klorini. Tangi litasubiri, mkisharudi, lisuuzeni mara nyingi na mliache wazi nje mpaka harufu iishe. Javeli iliyochanganywa na maji mengi haiharibu pleksi.

Papa Amani, Panzi: Tuko nje. Mtoto anakohoa kidogo.

Jibu: Mpelekeni kituo cha afya, msingoje.