Mtambo wa kuondoa chumvi kijijini: pima maji yanayoingia na yanayotoka

Kwenye mitambo midogo inayochuja maji ya visima vya chumvi, kama vijiji vya pwani ya Kilwa au Msimbati, mafundi wengi hufunga kihisi kimoja tu, kwenye bomba la maji matamu. Hakitoshi. Usomaji wake ukipanda, hujui kama ni kisima kimebadilika au utando, yaani ngozi nyembamba inayozuia chumvi, umechoka.

Hatua ya 1. Funga vihisi viwili vya upitishaji umeme (chumvi ikizidi majini, umeme hupita zaidi): kimoja kabla ya pampu ya shinikizo, kingine kwenye maji matamu. Chukua vyenye kipimajoto ndani, vinavyorekebisha usomaji hadi nyuzi 25. Joto likipanda nyuzi moja, usomaji huongezeka takriban asilimia 2, na mabomba yetu hushinda juani.

Hatua ya 2. Sawazisha kwa maji maalumu ya kipimo: 1,413 µS/cm (kizio cha upitishaji umeme) kwa upande wa maji matamu, 12,880 kwa upande wa kisima. Yakishatumika, yamwage, usiyarudishe chupani.

Hatua ya 3, na hii ndiyo kazi yenyewe: gawanya usomaji wa kutoka kwa wa kuingia. Tuseme kisima kinasoma 5,000 na maji matamu 200. Chumvi inayopenya ni asilimia 4. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likija, kisima kifupi cha karibu na ufuko kinaweza kufika 7,000, na maji matamu yakasoma 280. Bado ni asilimia 4, utando ni mzima, usiuguse. Lakini kisima kikibaki 5,000 huku maji matamu yakisoma 400, ni asilimia 8. Hapo kagua kwanza mipira ya kuzuia uvujaji, maana ni rahisi kuliko kununua utando mpya.

Hatua ya 4. Weka geji za shinikizo pande zote mbili za chujio la mashapo. Tofauti ikikua, badilisha chujio.

Hatua ya 5. Andika usomaji wa vihisi kila siku saa ileile, pamoja na hali ya bahari: bamvua au maji mafu. Bila safu hiyo, daftari halisomeki. Mtandao ukisumbua, kidhibiti, yaani kifaa kinachoongoza mtambo, kitume ujumbe mfupi wa simu kwa mwendeshaji na kwa jumuiya ya watumia maji.

Vihisi hivi havioni vijidudu. Sampuli zipelekwe maabara, na klorini itiwe kwenye tangi la maji matamu, kamwe si kabla ya utando, kwa kuwa klorini huharibu poliamidi, plastiki inayotengeneza utando.