Jinsi ya Kuhesabu Sentromea katika Seli na katika Kiinitete cha Panya

Kabla ya kushika kemikali yoyote, fahamu unachokitafuta. Sentromea ni sehemu ya kromosomu inayoshikwa seli inapogawanyika. Ile ya binadamu hutambulishwa hasa na protini ya CENP-A, ambayo ni aina ya histoni (protini ambazo DNA hujizungushia) inayochukua nafasi ya histoni ya kawaida, H3. Juu yake hujengwa kinetokora, yaani kishikio cha protini, ambapo kundi la protini liitwalo changamano la Ndc80 hushika nyuzi za spindeli, mtambo wa seli unaovuta kromosomu.

Hatua ya kwanza, weka seli hai juu ya barafu kwa dakika 10. Nyuzi zisizoshikamana na kinetokora huyeyuka, zikabaki zile zilizoshikamana. Wengi huiruka hatua hii, kisha hushindwa kueleza picha zao.

Pili, kaza seli zibaki zilivyo kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4, toboa utando kwa Triton X-100 (aina ya sabuni), kisha zifunike kwa myeyusho wa albumini (protini) ili kingamwili, yaani protini zinazonata kwenye shabaha maalumu, zisinate ovyo.

Tatu, weka kingamwili ya CENP-A usiku kucha katika nyuzi 4 za Selsiasi, osha, halafu weka kingamwili ya pili yenye rangi inayong'aa, inayonata kwenye ile ya kwanza; kila sentromea itaonekana kama nukta. Damu ya wagonjwa wa skleroderma (ugonjwa unaokakamaza ngozi), yenye kingamwili dhidi ya sentromea na ambayo ndiyo iliyowezesha protini za sentromea CENP-A, CENP-B na CENP-C kutambuliwa mwaka 1985, bado inafaa kwa kuhesabu. Lakini kwa kuwa huonyesha protini kadhaa kwa pamoja, usiitumie kupima kiasi cha protini mojawapo.

Nne, piga picha za tabaka baada ya tabaka, kwa sababu kiinitete ni kinene na nukta zilizopangana wima huonekana kama moja. Katika metafezi, hatua ambapo kromosomu zilizokwisha kunakiliwa hujipanga katikati ya seli, seli ya binadamu yenye kromosomu 46 huwa na nukta 92, zikiwa mbilimbili. Ya panya yenye kromosomu 40 huwa na 80. Ukitumia CENP-B kwa seli za mwanamume, usishtuke kuikosa kromosomu Y, kwani sentromea yake haina protini hiyo.

Ukiondoa HJURP, protini inayopeleka CENP-A mpya kwenye sentromea mara baada ya seli kugawanyika, usitarajie nukta zitoweke siku hiyohiyo: CENP-A ya zamani hugawanywa kwa seli mbili na hupungua kizazi baada ya kizazi. Kwa kiinitete tahadhari hii ni kubwa zaidi. Kiinitete cha panya kisicho na jeni la CENP-A hupita migawanyiko ya mwanzo, akiba ya yai la mama ikikisaidia, na hufa kabla ya siku ya 6.5 hivi, ilhali panya wasio na CENP-B huzaliwa na kuishi. Kwa hiyo kiinitete cha siku ya tatu kinachopendeza machoni kihesabiwe nukta pia, na mng'ao wa kila nukta upimwe.